Njia ya Juu

2 Novemba, Jumamosi

Nimeichukua baiskeli! Laki na nusu, baada ya kuvutana mpaka muuzaji akacheka mwenyewe. Nyekundu, gia tatu mbele, saba nyuma, mtumba safi wa Japani. Chini ya kiti kuna kibandiko kidogo cha njano, maandishi ya kwao na namba. Fundi alishachomoa kisu akibandue, nikamshika mkono. Kiache. Ilikuwa ya mwanafunzi, nahisi. Au ya mama wa makamo kama mimi, aliyechoka kubanana kwenye basi.

Phoenix ya Baba imebaki stoo. Nimeifuta vumbi ili isinune.

Nimejiapiza jambo moja: barabara ya Himo siikanyagi. Lile lori la juzi halikunigusa, upepo wake tu ndio ulionitupa kwenye changarawe, na dereva hata kupunguza mwendo hakupunguza. Na Desemba hiyo inakuja, Wachaga wote wa Dar na magari yao. Kilema kwa Mama nitafika, lakini kwa njia nyingine. Ipo. Lazima iwepo, watu walikuwa wakienda Kilema kabla ya lami.

9 Novemba, Jumamosi

Msitu wa Rau alfajiri. Ukishaingia tu, mji unakatika. Sikusikia bodaboda, sikusikia muziki wa baa, mbega tu huko juu wakirushiana matusi yao. Nimesimama chini ya mvule mmoja mnene, nikaweka kiganja kwenye gome. Baridi. Nikaona aibu, mtu mzima anapapasa mti, nikaondoka.

Nimetokea upande wa mpunga, Mabogini. Haya majaruba na mifereji ya saruji ni kazi ya Wajapani miaka ya 1980, mradi wa Lower Moshi. Kwa hiyo baiskeli yangu imepita kwao bila kujua. Nilicheka peke yangu juu ya tuta. Akina mama kwenye tope hadi magotini wakanicheka kwa kucheka kwangu.

Ila huku chini hakuna anayeshangaa mwanamke kwenye baiskeli. Kila mtu anayo. Majani ya ng'ombe, magunia, mtoto mbele, mke nyuma. Huko mlimani ndiko nitakakoitwa majina.

16 Novemba, Jumamosi

Chekereni hadi Kahe. Tambarare, jua, reli ikinisindikiza. Stesheni ya Kahe hapo ilipo, nzee, bado inajua kazi yake: treni ya Dar ilirudi 2019 baada ya miaka mingi ya nyasi. Lakini ile njia nyingine, ya kwenda Taveta mpaka Voi, iliyojengwa na Waingereza wakati wa vita vya kwanza kuwafuata Wajerumani, hiyo ndiyo ninayoipenda. Vyuma ndani ya vichaka. Mbuzi amesimama katikati kama mkaguzi wa tiketi.

Wazo lilikuwa: Kahe, halafu njia za mashamba mpaka Himo, halafu mlima. Kwenye simu inaonekana kitu cha nusu siku. Simu haioni miiba. Pancha ya mbele, pancha ya nyuma, halafu ya mbele tena. Soluisheni imeisha, nimekaa chini ya mgunga nangoja mtu. Kijana wa ng'ombe akaniziba kwa kipande cha tyubu yake, pesa akakataa. “Nenda salama, mama.” Nimerudi nikisukuma nusu ya njia, kisogo kimeungua.

Njia ya chini, basi. Labda Juni, baada ya mvua, jua likipoa.

17 Novemba, Jumapili

Miguu. Ngazi za kanisa nimeshuka kinyumenyume, mzee wa kanisa akaniuliza kama ni presha.

24 Novemba, Jumapili

Kaka kapiga simu. Sauti ile ya mtu aliyeshaamua. Anataka barabara iingie mpaka mlangoni kwa Mama. Atakata kahawa ya upande wa chini, atapasua kile kinjia chetu, kifusi kije lori tatu, Krismasi magari yalale uani badala ya kulala kwa jirani. “Dada, hatuwezi kuendelea kushuka na masanduku kichwani kama wapagazi.”

Nimemwambia: na masale? Na kaburi la Baba liko wapi kwenye ramani yako hiyo? Kanyamaza. Halafu: “Mama amekubali.”

Mama amekubali! Sikuulizwa. Kile kinjia. Kina upana wa mtu na mkungu wa ndizi. Nimejifunza kutembea pale.

Sijala usiku.

27 Novemba, Jumatano

Nimepiga kura mapema, foleni fupi. Wiki nzima magari ya matangazo yamepiga kelele mpaka masikio yakaota sugu, leo kimya. Siku ya kuiba safari.

Kiboriloni, halafu juu, Old Moshi. Gia ndogo kuliko zote na bado moyo unagonga. Nimeshuka nikasukuma, nimepanda, nimeshuka. Watoto nyuma yangu wanahesabu mara ninazoshuka, kwa sauti, washenzi wale.

Mji ulikuwa huku. Hilo huwa linanipiga kila nikifika. Boma la Wajerumani lilikuwa huku kwenye ubaridi, na ukisema Moshi ulimaanisha huku. Reli ikafika bondeni 1911, mlima haiwezi kuupanda, basi mji ukashuka kuifuata na jina ukaondoka nalo. Waliobaki wakabaki na kanisa, shule, migomba, na ule mti.

Nimekaa hapo. Machi 2, 1900, Wajerumani walimnyonga hapo Mangi Meli na wenzake 18. Sanamu yake inatazama chini, kuelekea kulikokwenda kila kitu. Kichwa chenyewe inaaminika kilipelekwa Ujerumani. 2023 vipimo vya mafuvu huko Berlin vilimpata Akida, mshauri wake, na ndugu zake walio hai wakaambiwa. Meli bado. Bibi mmoja alikuwa anafagia nje ya nyumba ya pili, akaniangalia mimi na baiskeli, akasema kwa upole kabisa: “Wewe, mzungu wako yuko wapi?” Amedhani nimetangulizwa na watalii.

Nilichokiona leo, nikiandike kabla sijalala: huku kila barabara inashuka. Unasimama Kidia, Kirua unaiona kule ng'ambo, moshi wa jikoni unauona, na ukitaka kwenda kwa gari unashuka mpaka lami, unakwenda mashariki na malori, halafu unapanda upya. Kila korongo lilikuwa mpaka wa mangi fulani. Kahawa ndiyo iliyochonga barabara: kihamba, ghala la chama cha ushirika, Moshi, treni, meli. Mambo ya jirani hayakumhusu mtu. Kwenda kwa jirani ni miguu. Harusi, ubatizo, msiba, mbuzi wa kuazima dume.

Kwa hiyo njia yangu ni ya misiba na mbuzi. Sawa.

1 Desemba, Jumapili

Mvua. Mvua. Raba za breki zimeliwa na ule mteremko wa Jumatano, fundi kanionyesha chuma kikikwaruza rimu. “Mama, hapa ungefika kwa Mungu kabla ya chakula cha mchana.” Kaweka mpya, kakaza spoku mbili, kapaka oili. Namlipa, naye ananiuliza, hivi unafanya kwa ajili ya afya? Nimesema ndiyo. Rahisi kuliko kueleza.

Mama kwenye simu. Hatukuongelea barabara. Tumeongelea kuku.

9 Desemba, Jumatatu, usiku, Kilema

Nimefika!! Nipo kitandani kwa Mama, taa ya sola, miguu inacheza yenyewe. Niandike kabla sijasahau.

Siku ya Uhuru. 1961 Nyirenda alipandisha Mwenge mpaka Kibo, nami leo naipandisha baiskeli Kirua, kila mtu na mwenge wake. Nimetoka gizani. Kidia nimefika jua likiwa limetoka, Kibo peupe yote, Mawenzi na yale meno yake. Mzee mmoja anakamua ng'ombe, nikamwamkia, nikamuuliza njia ya Kirua. Akaitazama baiskeli kwa muda. “Na hiyo?” Na hii. “Haya. Unashuka, unavuka, unapanda. Halafu unashuka, unavuka, unapanda.” Hakuongeza kitu. Wala hakukosea.

Korongo la kwanza nimelia, kweli. Njia imekatwa ngazi kwenye udongo mwekundu, mvua ya wiki imeilainisha kama sabuni. Mkono mmoja mti, mkono mmoja usukani, breki zimeshikwa na bado inataka kunitangulia. Chini kabisa mto, na daraja lake: miti miwili ya mkaratusi, imelazwa, basi. Nimesimama pale. Maji yanapiga kelele mpaka huwezi kusikia mawazo yako.

Akatokea mama mmoja upande wa pili, ngata kichwani, mkungu mzima wa ndizi juu yake, ndala mkononi. Akavuka ile miti bila kuangalia chini. “Shimbonyi.” Tukaamkiana. Akautua mkungu. Akazunguka baiskeli kama anayenunua ndama. “Dada, hii umeileta ikubebe au uibebe?” Nikaanza kucheka, sikuweza kuacha. Akashika gurudumu la mbele, mimi la nyuma, tukavuka tunaoshana kwa jasho, yeye kinyumenyume! Huyo mama alivuka kinyumenyume juu ya miti miwili. Nilitaka kumpa elfu tano, akachukua elfu mbili akasema hiyo ni ya sukari. Halafu akarudi kuchukua mkungu wake.

Baada ya pale ndipo raha. Njia ikalala kidogo, sambamba na mfongo, mfereji wa wazee. Maji yako kushoto, yanakwenda polepole upande uleule ninaokwenda, na nikagundua: mfongo ndiyo barabara! Wazee waliopima maji yashuke taratibu kando ya mlima bila kifaa chochote walinipimia na mimi. Ukifuata maji mwinuko haupo. Sehemu moja yanavuka kijito kwenye gogo lililochongwa katikati, yanavuja pembeni, ukoka wa kijani mbichi chini yake. Nikakanyaga pedeli, gia ya katikati, migomba inanigonga mabega pande zote mbili, harufu ya maganda ya kahawa yaliyooza, redio ndani ya nyumba inasoma vifo. Hakuna gari. Hakuna hata sauti ya gari. Watu wanasogea kunipisha wakisema pole. Pole ya nini, nina furaha kiasi hiki!

Korongo la pili sitaliandika.

Nduoni, saa saba. Hapo ipo barabara ya kweli, ile ya Kawawa mpaka Marangu Mtoni, na ndiyo inayothubutu kwenda upande. Nikanywa soda mbili zikifuatana. Kutoka hapo ni mwendo wa Mkristo. Kengele ya Kilema niliisikia kabla ya kuliona kanisa. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika 1890, na miche yao ya kahawa ndiyo iliyojaa mlima mzima. Na kabla yao mmisionari Rebmann, 1848, kwa miguu kutoka Rabai, na mwavuli wake, akapokewa hapahapa kwa Mangi Masaki. Akaandika ameona theluji, wakubwa wa London wakamkatalia. Mimi nimemwambia Mama nimekuja na baiskeli kwa njia ya juu, naye ananikatalia mbele ya baiskeli.

“Umeshushiwa wapi?”

Sijashushiwa, Mama.

“Mm.”

Kanipa kiburu, chungu kizima. Nimekula mpaka nikaona haya.

10 Desemba, Jumanne, alfajiri

Tuliongea. Mimi ndiye nilianza. Nikamweleza njia nzima, mfongo, yule mama wa ndizi, ukimya. Hasa ukimya. Nikasema ndiyo maana hiki kinjia chetu kisiguswe, Mama, huko nje watu wanalipa pesa kutafuta kitu kama hiki. Nikaongea kama mhubiri.

Akaniacha nimalize. Akazoa majivu pembeni mwa figa. Halafu akauliza kama nakumbuka mwezi wa nne, mwaka ule. Mvua ya masika, Baba kwenye kitanda, vijana wanne wa jirani wanateleza mpaka barabarani, na gari limengoja pale juu taa zimewaka, haliwezi kuingia. Anaongea taratibu, anachambua maharage. Mara mbili kitanda kiligusa chini. Alisema “kiligusa chini” kama mtu anayeeleza jambo dogo.

“Wewe unapita, mwanangu. Mimi nakaa. Mguu wangu huu unajua utanifikisha mwaka gani?”

Sikuwa na jibu. Sina hadi sasa. Jogoo ameshawika mara tatu, natakiwa kazini, nitateremka na Noah ya kwanza na baiskeli juu ya keria, kwa lami, kwa aibu zote.

14 Desemba, Jumamosi

Nimekunywa kahawa mjini, kwenye lile jengo la ushirika wa kahawa, KNCU. Huwa nakaa dirishani. Leo nimehesabu magari ya Dar mpaka nikachoka. Wameanza.

Nimekuwa nikiwaza kila njia niliyoipenda mwezi huu. Tuta la mpunga: halina gari kwa kuwa anayelima pale hana gari. Kinjia cha mfongo: kwa kuwa korongo limeshinda serikali zote. Reli ya Taveta: kwa kuwa imekufa. Ukimya wangu wote umeokotwa kwenye kukosa kwa mtu. Sasa nifanyeje, niache kuupenda? Siwezi. Yule mama wa ndizi akipata daraja la zege, mwezi uleule bodaboda zitapita juu yake, naye atapanda moja, na atafanya vizuri.

Lakini si lazima kifusi. Si lazima lori tatu. Bajaji inapita sehemu nyembamba. Nimwambie Kaka? Atacheka. Prado na bajaji.

20 Desemba, Ijumaa

Mji hauendi. Kutoka Mnara wa Saa hadi stendi nimepita kila gari, taratibu, nikipiga kengele bila sababu. Kaka amefika usiku wa manane, saa kumi na nne njiani. Mpwa wangu amekua, sauti imevunjika, viatu vyeupe. Kaiona Phoenix stoo, kaitoa mwenyewe. “Shangazi, hii ni ya babu?” Kaizungusha pedeli, ikalia. Kaka kasimama mlangoni hasemi kitu, kaishika ile kengele. Akailiza mara moja.

23 Desemba, Jumatatu, Kilema

Na mpwa, njia ya juu. Phoenix haina gia, kwa hiyo ameisukuma karibu mlima mzima, chuma chote kile, viatu vyeupe vimekuwa vya rangi ya matofali. Hakulalamika mpaka korongo la pili. Kwenye miti miwili nilishika mbele, kinyumenyume. Kumbe inawezekana. Usiangalie maji tu.

Kwenye mfongo akapanda. Akapiga mluzi. “Shangazi, huku mbona hamkuniambia?”

Kaka na gari alitoka saa moja baada yetu, amefika saa mbili baada yetu. Himo ilisimama kabisa. Sijasema chochote. Nimempelekea mbege, nikamtazama anywe.

26 Desemba, Alhamisi

Wamepima. Kaka ana kamba, mpwa ana vigingi vya miti, Mama ana fimbo na ndiye injinia. Nimezungumza juu ya bajaji, mbele ya wote, nikijua nitachekwa. Kaka akacheka. Mama hakucheka. “Upana wa bajaji mgonjwa anaweza kulala?” Tukalala kwa zamu ndani ya kamba ardhini ili tupime, mpwa kwanza, halafu mimi, miguu imekunjwa. Mgonjwa anaenea, akiwa na mtu wa kumshika kichwa.

Basi ni upana huo. Prado italala kwa jirani kama zamani, Kaka amenuna, ataamka vizuri. Mibuni kumi na mmoja inakwenda. Mama alipita akigonga kila mmoja kwa fimbo: huu, huu, huu hapana, huu ulipandwa na baba yenu akiwa na homa, uacheni, njia izunguke. Kwenye kaburi inazunguka. Masale hayang'olewi, yatahamishwa na mzee wa ukoo, kwa utaratibu wake, na pombe yake. Kifusi lori moja.

Nilishika panga, mbuni wa kwanza nimeukata mimi. Mgumu kuliko nilivyodhani. Utomvu mdogo, kuni nzuri.

Kesho tunarudi, mpwa anataka njia ya juu tena na mimi nataka pia. Mnyororo wa Phoenix unateleza, nimeukaza kwa spana ya Baba Mdogo, sijui kama utafika Kidia. Kaka amesema atatungoja Kiboriloni na tyubu ya akiba, na kwamba akifika kabla yetu, soda nanunua mimi.